Aproni Aliyoiahidi Ardis Brekke

Asubuhi ya Jumatano, redio ikiwa bado inataja walioshinda na walioanguka, Ardis Brekke alitoka nje na birika la maji ya moto kwenda kung'oa bango la rais.

Alikuwa amelisimika mwenyewe mwezi wa tisa, udongo ukiwa laini. Rais anacheka, amemshika bega mgombea wake wa ubunge, na chini yao maneno makubwa ya kuwaomba watu wa kijiji cha Nordahl wampe rais nguvu amalizie kazi. Sasa baridi ya kwanza ya Minnesota ilikuwa imeshuka, ardhi imekaza, na miguu ya chuma ya bango haitoki. Ardis alivuta. Alitikisa. Alimwambia rais neno ambalo mama wa kanisa halisemi. Rais akaendelea kucheka.

Hiyo ndiyo saa ambayo Nordahl nzima huenda posta. Walipita mmoja mmoja, wakapunguza mwendo, wakainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kumsalimu. Duane Stenerud, mkulima wa soya, alisimama kabisa na kuteremsha kioo.

"Kuna kabaridi leo, Ardis."

"Kapo kidogo."

"Ardhi nayo imekaza."

"Si mbaya sana."

Duane akatazama bango, akatazama birika, kisha akatazama mawingu kwa muda mrefu. "Haya bibie. Tutaonana Jumamosi kwenye karamu ya samaki," akasema, akaondoka.

Ndivyo tulivyo huku. Mtu wa Nordahl anaweza kukuta nyumba yako inaungua akakuuliza kama hakuna joto kidogo. Ukikaribishwa chakula, unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, na ya tatu ndipo unasema haya basi, kidogo tu. Anayekubali mara ya kwanza anaonekana hakulelewa. Na mpishi akiambiwa chakula chake ni "cha aina yake," ajue amechemsha. Hasira tunazo kama watu wengine, ila tunaziweka kwenye friza pamoja na nyama ya kulungu.

Ardis alimimina maji kwenye mguu mmoja wa bango, kisha mwingine, akavuta kwa nguvu zote za miaka yake sabini na mbili. Bango likachomoka ghafla, naye akakaa kitako kwenye majani yenye barafu, rais mapajani. Alicheka peke yake. Kisha akatega sikio, maana redio jikoni ilikuwa imefikia matokeo ya Nordahl.

Rais mwenyewe hakuwa kwenye karatasi ya kura. Muhula wake ulikuwa umefika katikati tu, na waliokuwa wakipigiwa kura ni wabunge. Lakini watu wasipoweza kumfikia mwenye nyumba, hasira humwishia yule aliyetumwa mlangoni, na yule mgombea wake wa ubunge alianguka kama gunia. Hata Nordahl, kijiji ambacho miaka miwili nyuma kilimpa rais kura mpaka wakubwa wa chama chake wakapiga simu kushukuru, safari hii kilimpa kisogo. Hakuna aliyeandamana wala aliyepaza sauti. Walikwenda, wakatia alama upande wa pili, wakarudi kukamua ng'ombe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ardis hakuhitaji mtu wa redio amweleze sababu. Sababu ilikuwa wodi ya wazazi ya hospitali yao.

Miaka miwili nyuma, akiwa bado anaomba kura, rais alikuja kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo wa wilaya, akapanda juu ya marobota ya majani, akasema kwamba akiingia Ikulu hakuna hospitali ya vijijini itakayofungiwa wodi ya wazazi. Ardis alikuwa mstari wa mbele. Wanawe wote wawili walizaliwa kwenye wodi ile, na mumewe Orrin alifia chumba cha ng'ambo ya korido, akisikiliza vichanga vya watu vikilia. Aliyaamini maneno yale kama mtu anavyoamini habari aliyokuwa akiiomba. Akarudi nyumbani, akaoka vikeki vya karanga, akazunguka navyo nyumba kwa nyumba. Na Ardis akikaa jikoni kwako na sahani ya vikeki, humtoi mpaka ukubali.

Kama angeishia hapo, isingekuwa neno. Lakini mdomo uliponza kichwa. Mwaka ule, kwenye karamu ya samaki ya kanisa, alisimama katikati ya ukumbi akamwagia rais sifa, na Duane, viazi vikiwa bado mdomoni, akamuuliza, "Na akishindwa kutimiza je?"

"Akishindwa," Ardis akajipiga kifuani, "aproni hii nitaivua mwenyewe nimvalishe Marlys, hapa hapa, nyote mkiona."

Watu walicheka, maana hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho Nordahl. Aproni yenyewe ni ya kitani, imetariziwa kwa uzi mwekundu na wanawake waliokuja kutoka Norwe na masanduku ya mbao. Huvaliwa na mtu mmoja tu, anayesimamia sufuria kubwa. Samaki wetu ni ng'onda wa bahari ya kule kwa mababu, mgumu kama kuni, analowekwa siku nyingi kwenye magadi makali, kisha kwenye maji matupu, kisha anachemshwa. Mwenye aproni ndiye anayesema sasa ameiva. Ardis aliipata kwa mama mkwe wake, na alitarajia kuvuliwa akiwa maiti.

Naye Marlys Haugen, jirani na rafiki yake tangu wakiwa wasichana, aliitamani sufuria ile maisha yake yote. Yeye alipewa meza ya lefse, zile chapati nyembamba za viazi, akazisukuma vizuri kuliko mwanamke yeyote wa wilaya, na kila mwaka aliitupia sufuria jicho. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Wodi ilifungwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa rais, karamu ya samaki ikiwa imeshapita. Rais alionekana kwenye televisheni, amevaa tai nzuri, akieleza kwamba hesabu zilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, na kwamba akina mama watahudumiwa vizuri zaidi kwenye hospitali kubwa za mjini. Mjini ni mwendo wa saa nzima na zaidi kukiwa na jua. Januari iliyofuata, binti wa Marlys aitwaye Kari alijifungulia ndani ya gari kando ya barabara kuu, theluji ikiwa imefunika vioo, mume wake akifuata maelekezo ya simuni. Mtoto alilia vizuri. Kari alipoteza damu nyingi mno, na mpaka theluji inayeyuka alikuwa bado hawezi kupanda ngazi.

Marlys alimtumia Ardis picha ya kichanga kwa simu, na maneno machache: "Tumepata mjukuu wa kike. Njiani kulikuwa na theluji kidogo."

Ni hayo tu. Hakuongeza neno siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka mzima. Jumapili baada ya ibada aliendelea kumimina kahawa kama kawaida, na kikombe cha Ardis alikimimina pia. Ila hakukijaza. Kila Jumapili kiliishia nusu, na kila Jumapili Ardis alikunywa nusu yake akasema ahsante.

Sasa uchaguzi ulikuwa umeongea, na karamu ya samaki ilikuwa Jumamosi. Ardis aliliegemeza bango kwenye ukuta wa jikoni, akakaa. Angeweza kunyamaza. Alikijua kijiji chake: hakuna ambaye angemkumbusha kiapo, hata Duane. Wangekula, wangesifu, wangemwachia aproni mpaka kaburini. Na kuanzia siku hiyo, neno lolote litakalotoka kinywani mwa Ardis Brekke lingesikilizwa kwa adabu na kuwekwa pembeni. Hilo lilimtia hofu kuliko kuikosa sufuria. Maisha yake yote alikuwa mtu ambaye akisema jambo, watu hufanya.

Siku ya pili Marlys alipiga simu.

"Viazi tumenye vingapi, shoga? Kama vya mwaka jana?"

"Kama vya mwaka jana. Marlys, kuhusu ile aproni..."

"Nimeifua, kama kila mwaka. Nimeipiga na pasi."

"Siyo hivyo. Nilisema maneno, unakumbuka, mbele ya watu..."

"Aa, Ardis, yale yalikuwa maneno tu." Marlys akakohoa. "Wanasema itashuka theluji wikendi."

"Nimesikia."

"Haya basi."

Ardis aliweka simu chini, na ilimuuma kweli. Alikuwa amesamehewa na mtu ambaye hajawahi kumwambia amekosa nini. Msamaha wa namna hiyo haushikiki. Akalivuta bango, akaligeuza upande mweupe wa nyuma, akachukua rangi nyeusi akaandika SAMAKI na mshale. Sisi hatutupi kitu kizima.

Jumamosi, ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa mpaka kwenye ngazi. Nje, bango lilielekeza watu mlangoni, na kila aliyepita upande wa pili alikuta rais anacheka na ukuta. Harufu ya samaki wetu sitaisimulia. Anayeijua anaijua, na asiyeijua aendelee kumshukuru Mungu. Viazi vilikuwa tayari, siagi imeyeyushwa kwenye majagi, chapati za viazi zimekunjwa na sukari, na nyama za mviringo zilikuwepo kwa ajili ya wakwe waliotoka mbali.

"Ardis," Duane alichungulia dirisha la jikoni, "hilo bango la nje ni la aina yake."

"Ahsante, Duane. Upande upi?"

Duane akaenda kukaa. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mchungaji Solveig aliomba dua fupi, watu wakasema amina, na vijiko vikaanza kuinuliwa. Hapo ndipo Ardis alipotoka jikoni. Alitembea wima mpaka katikati ya ukumbi, aproni imemkaa kama kanzu ya askofu, akagonga jagi kwa kijiko.

"Miaka miwili nyuma nilisimama hapa hapa nikasema jambo," alianza.

"Aa, Ardis, samaki watapoa," mzee mmoja alinong'ona.

"Wapoe. Nilisema rais yule ni mkweli. Sikusema nadhani. Nilisema najua. Nikaja majikoni kwenu, nikala muda wenu, mpaka mkampa kura. Wodi imefungwa. Jumanne nyote mmempa jibu lake, na mmefanya vizuri. Mimi nilimpigia kura mtu wake tena, kwa ukaidi tu, ili nisionekane nilikosea. Nilikosea."

Ukumbi wote ulitazama viazi. Ardis alifungua kamba mgongoni, akaivua aproni kichwani, akaikunja mara moja na kumwendea Marlys mezani pake.

"Niliahidi. Ichukue."

Marlys alikuwa mweupe kama unga uliokuwa mikononi mwake. "Hapana, Ardis. Kaa nayo. Nani kasema?"

Hiyo ilikuwa ya kwanza, na watu wakapumua. Waliujua mchezo, walikuwa wameucheza tangu utotoni. Ardis angesisitiza kidogo, Marlys angekataa tena, Mchungaji angesema neno la upatanisho, na wote wangekula.

"Ichukue, Marlys. Ahadi ni deni."

"Sihitaji. Wewe ndiye unayemjua samaki. Mimi na chapati zangu tunatosha."

Hiyo ilikuwa ya pili. Duane akasimama nusu, kijiko mkononi. "Basi, jamani, tumesikia, yameisha. Ardis hakufunga wodi. Aliyefunga tunamjua."

"Hamjasikia kitu," Ardis alisema. "Rais atajibu ya kwake. Mimi najibu ya kwangu." Akageuka kwa Kari, aliyekaa mwisho wa meza na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa anatafuna ncha ya chapati. "Kari, mwanangu. Ulizaa barabarani, kwenye theluji. Mama yako mimi ndiye niliyemwambia haiwezi kutokea. Nilikaa kwenye kiti chake nikamwambia."

Nordahl hakuna mtu aliyewahi kulitaja jambo lile hadharani. Ardis alidhani Marlys atatoka mbio. Marlys hakutoka. Alifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa nimeshika simu," alisema. "Nasikia mwanangu analia, nasikia mume wake anahesabu, halafu ikakatika. Nikabaki jikoni naikodolea macho. Unajua nilikuwa namuwaza nani, Ardis? Si rais. Rais mimi simjui. Nilikuwaza wewe na vikeki vyako vya karanga, unaniambia, Marlys, nimemwona usoni, huyu hadanganyi."

"Nilisema hivyo."

"Ulisema hivyo! Na mimi nikaenda nikapiga kura, kwa sababu ni wewe!" Sauti ilipanda, na wajukuu waliokuwa kwenye ngazi waliacha kucheza. "Nilikuchukia. Msimu mzima wa baridi nilikuchukia, na kila Jumapili nakumiminia kahawa."

"Nilijua," Ardis alisema. "Hukunijazia kikombe."

Marlys akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Machozi yalimtoka Ardis, naye hakuyafuta. Hakuona haya. Kwa mara ya kwanza tangu Januari alikuwa amesimama mbele ya rafiki yake, na rafiki yake alikuwepo.

Akanyoosha mikono, aproni juu yake. "Kwa mara ya tatu, Marlys."

Na Marlys akaichukua.

Hakuna aliyelitegemea hilo. Mchungaji Solveig, aliyekuwa ameshainuka na neno lake la upatanisho, alilimeza akakaa chini. Marlys aliivaa kichwani, akageuza mgongo, na Ardis akamfunga kamba kwa mikono yake, mafundo mawili, kama alivyofungwa yeye na mama mkwe wake. Ilimuuma alipokuwa anaikaza. Aliikaza vizuri hata hivyo.

"Mimi aliniambia soya," Duane alipasuka ghafla, bado amesimama. "Rais! Aliniambia atanitafutia soko, nikapanda shamba lote. Magunia yananitazama mpaka leo!"

"Kaka yangu naye aliahidiwa barabara," mwanamke mmoja akadakia.

"Mimi nilivaa kofia yake kanisani! Kanisani, jamani!"

"Tuliiona," watu wawili walisema kwa pamoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Basi wakaanza. Watu ambao hawajawahi kusema zaidi ya "si mbaya" walimsema rais kutoka meza hii hadi ile, wakamkalisha na kumsimamisha, wakasema walivyomwamini na jinsi inavyochoma kuamini mtu halafu akakuonyesha tai. Mzee aliyehofia samaki kupoa alipiga meza mpaka jagi la siagi likaruka. Tangu kanisa lijengwe, ukumbi ule haukuwahi kusikia kelele kama zile.

Katikati ya kelele hizo Ardis alijikuta hana pa kwenda. Jikoni hapakuwa pake tena. Alipapasa tumboni kutafuta mfuko wa aproni, akakuta gauni tu. Kari akasogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyobaki wazi, na Ardis akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye karamu ile tangu aolewe. Mtoto alimtazama, akamkabidhi chapati iliyolowa mate, na Ardis akaila.

Kule jikoni mfuniko wa sufuria kubwa ulisikika ukifunuliwa. Kisha sauti ya Marlys, ya juu, isiyo na wasiwasi hata chembe: "Sasa! Ameiva!"

Sinia zikatoka, na wa kwanza kutoka nyuma yake alikuwa Marlys mwenyewe, birika la kahawa mkononi, kitani chenye uzi mwekundu kikimmeremeta kifuani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi la Kari, akasimama mbele ya Ardis.

"Nikuletee sahani?"

Waliokaa karibu waligeuka kusikiliza. Wote walijua jibu lake: aa, usisumbuke, wape wengine kwanza. Kisha lile la pili. Ardis alikuwa ameyasema majibu hayo maelfu ya mara, naye ndiye aliyewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kuyasema.

"Niletee," alisema. "Njaa inaniuma. Na siagi usinibanie."

Marlys alimtazama, akaenda akarudi na sahani imejaa, siagi inaogelea. Kisha akainua birika, akakijaza kikombe cha Ardis mpaka kwenye ukingo.